Kutengeneza Glaida Iliyoanguka

Chalinze ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo: moja hushika magharibi kwenda Morogoro, na ya pili hushika kaskazini kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Wakati wa mchana, jua likiisha kuipasha moto lami na mashamba, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda juu kama moshi usioonekana. Mwewe huijua sana hewa hiyo. Huingia ndani yake akatandaza mabawa, akazunguka na kupanda, wala hapigi bawa hata mara moja. Akiisha kufika juu sana huteleza kwenda atakako, akishuka kidogo kidogo, mpaka akute tena hewa nyingine ipandayo.

Wanadamu walimtazama mwewe na ndege wenziwe miaka mingi, hata wakafanya chombo kisicho na injini, kirukacho kwa mfano wao. Chombo hicho huitwa glaida. Ziko glaida kubwa zimchukuazo mtu, na ziko glaida ndogo za mfano. Mwenye glaida ndogo husimama chini, naye huiongoza kwa redio aliyoishika mkononi. Redio hupeleka amri, na ndani ya glaida kimo kipokezi kidogo kinachozipokea. Kipokezi huziamuru mota ndogo mbili au zaidi, nazo huvuta na kusukuma vijiti vyembamba vya kugeuza usukani. Siku hizi nyingi za glaida hizo hufanywa kwa povu gumu, jamii ya lile povu jeupe liwekwalo ndani ya sanduku la televisheni mpya ili isivunjike njiani.

Povu hilo ni jepesi mno, maana sehemu yake kubwa ni hewa tu, iliyofungwa ndani ya vijipovu vidogo sana. Wepesi huo ndio wema wake. Walakini ni laini, na glaida ikianguka hubonyea au huvunjika. Na glaida hazikosi kuanguka. Upepo hugeuka ghafula, mwongozaji hukosea, au mti huonekana kuwa mbali kumbe u karibu. Kwa hiyo kila mwenye glaida hana budi kujifunza kazi mbili: kuirusha, na kuitengeneza. Somo hili ni la kazi ya pili.

Sababu ya kutengeneza vema

Mtu akitengeneza kiti vibaya, kiti kitamwangusha, naye atainuka na kujipangusa vumbi. Lakini angani hapana mahali pa kusimama na kufunga upya kilicholegea. Chombo kirukacho, kikiondoka mkononi, huenda na kazi ya fundi kama ilivyo, njema au mbaya.

Katika Uingereza palikuwa na mhandisi kijana, jina lake Percy Pilcher. Alifanya glaida kadha wa kadha za kumchukua mtu, na moja aliiita Hawk, maana yake mwewe. Tarehe 30 Septemba 1899 aliirusha mbele ya watu waliokuja kumtazama. Mvua ilikuwa imenyesha, na glaida ilikuwa imelowa maji. Ilipokuwa angani sehemu ya mkia ilivunjika, glaida ikaanguka pamoja na mwenyewe, naye Pilcher akafa siku mbili baadaye. Sehemu moja ilishindwa, na chombo chote kikaanguka.

Habari ya pili ni ya Marekani. Tarehe 14 Desemba 1903 ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walijaribu kuirusha ndege yao ya kwanza yenye injini. Wilbur aliinua pua ya ndege mno, mwendo ukapungua, ndege ikaanguka mchangani na kuharibika. Ndugu hao hawakukata tamaa, wala hawakufanya haraka. Walitengeneza kilichovunjika, wakangoja upepo ufaao, na tarehe 17 Desemba Orville akaruka muda wa sekunde 12. Siku hiyo hiyo Wilbur akaruka sekunde 59. Basi ndege ile inayosifiwa katika dunia nzima, siku iliporuka ilikuwa ndege iliyokwisha kuanguka na kutengenezwa.

Kwa hiyo fundi wa glaida yafaa akumbuke mambo matatu. La kwanza, kilichovunjika kirudi na nguvu zake. La pili, kilichopindika kirudi na unyofu wake. La tatu, chombo chote kirudi na mizani yake. Uzuri wa sura ni jambo la nne, tena si la lazima.

Kutazama kabla ya kugusa

Fundi wa majahazi wa Bagamoyo, akiletewa chombo kinachovuja, haanzi kwa kushika nyundo na pamba ya kalafati. Kwanza hukizunguka chombo, akagonga ubao huu na ubao ule, akitafuta uozo umeanzia wapi na kuishia wapi. Maana akiziba penye maji na kuacha penye uozo, chombo kitarudi kwake kabla ya mwezi kwisha, au hakitarudi kamwe.

Fundi wa glaida na afanye vivyo hivyo. Kazi ya kwanza, palepale ilipoanguka, ni kuitenga betri. Betri za glaida kwa kawaida ni za lithiamu, nazo zikigongwa zaweza kushika moto, pengine baada ya muda kupita. Betri iliyovimba, iliyobonyea au iliyotoboka haitiwi umeme tena hata kidogo. Huwekwa nje juu ya mchanga, mbali na nyumba na majani makavu, na mtu mzima huarifiwa. Betri ni kitu cha fedha, lakini nyumba ni kitu cha fedha zaidi.

Kazi ya pili ni kuokota vipande vyote, hata vidogo kama punje ya mahindi. Povu likivunjika, sehemu mbili zilizoachana huingiana sawasawa kama meno ya samaki. Kila kipande kilichopotea majanini huacha pengo, na pengo hilo litajazwa gundi, na gundi ni nzito kuliko povu mara nyingi.

Kazi ya tatu ni kutafuta nyufa zisizoonekana. Fundi hulikunja bawa polepole kwa vidole, upande huu na upande huu, naye hutazama kama mstari mwembamba unafunguka. Hutazama mahali bawa linaposhikana na kiwiliwili, na mahali mkia unapoanza, maana pigo la pua hupita ndani ya povu na kutokea nyuma. Kisha hugeuza kila usukani kwa mkono, taratibu, akisikiliza kama meno ya mota ndogo yamekatika. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo katika bawa ndio kuvunjika kwa kesho.

Povu na gundi yake

Povu la glaida si la namna moja. La kwanza ni jeupe na kavu. Likivunjika huachana kwa chembe chembe. La pili hupinda na kurudi kama mpira; likigongwa hubonyea, lakini si jepesi kukatika. Fundi sharti ajue analo lipi kabla ya kufungua chupa ya gundi.

Sababu ni hii. Tone la petroli likianguka juu ya povu jeupe, povu huyeyuka na kuacha shimo. Gundi nyingi za viatu, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, zina maji makali ya namna hiyo, nazo hulila povu jeupe badala ya kuliunga. Hata gundi ile ya matone ishikayo vidole kwa dakika moja hulidhuru. Gundi isiyolidhuru ni ile ya mirija miwili ichanganywayo ikawa ngumu, na ile nyeupe ya maseremala. Hii ya maseremala ni ya bei nafuu, lakini hukauka polepole sana ndani ya povu, kwa sababu povu halipitishi hewa. Yafaa iachwe usiku mzima au zaidi. Mwenye shaka na achukue kipande kibovu cha povu lilo hilo, atie tone moja, angoje nusu saa. Afadhali shimo katika takataka kuliko shimo katika bawa.

Pwani hii imekwisha kufundisha somo la gundi. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, manowari ya Kijerumani, jina lake Königsberg, ilijificha katika milango ya mto Rufiji, nao Waingereza wakaleta ndege za majini kuitafuta. Mwaka 1914 ndege ya kwanza iliharibika rejeta. Ikatafutwa rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, nayo ikafaa. Mwaka 1915 zililetwa ndege nyingine za Sopwith, za mbao na kitambaa. Gundi yake ilikuwa imefaa katika baridi ya Ulaya, lakini joto la pwani liliilegeza. Basi kitu cha karibu chaweza kufaa, na kitu kizuri kilichotoka mbali chaweza kushindwa. Kinachoamua ni kujaribu. Vivyo hivyo glaida isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto la humo hulegeza gundi na kupinda mabawa.

Mahali palipobonyea tu, pasipovunjika, hapahitaji gundi. Vyombo vya umeme huondolewa kwanza, kisha maji ya moto yanayokaribia kuchemka humiminwa kidogo kidogo juu ya bonyeo. Hewa iliyomo katika vijipovu hutanuka, na povu hufura likarudi karibu na umbo lake. Dawa hii hufaa hasa kwa povu lile lipindalo kama mpira. Kazi ya maji ya moto ifanywe mbele ya mtu mzima, na mkono usiwe chini ya maji.

Kuunga bawa

Bawa likiruka hupinda kidogo kwenda juu, kwa kuwa hewa hulisukuma juu nao uzito wa kiwiliwili hulivuta chini katikati. Kwa hiyo upande wa chini wa bawa huvutwa kama kamba, na upande wa juu husukumwa na kubanwa. Yeyote ajuaye jambo hili ajua mahali pa kutia nguvu.

Kwanza vipande viwili huunganishwa vikavu, bila gundi, ili kuona kama vinaingiana. Chembe zilizolegea huondolewa. Kisha gundi hupakwa nyembamba upande mmoja, vipande hubanwa pamoja, na gundi inayotoka nje hupanguswa mara moja. Bawa hulazwa juu ya meza iliyo sawa, juu ya karatasi ya nailoni ili lisigande, likashikwa kwa utepe mpaka gundi ikauke. Meza ikiwa imepinda, bawa nalo litakuwa limepinda.

Mahali palipovunjika katikati ya bawa, gundi peke yake haitoshi. Hapo huchimbwa mfereji mwembamba kwa wembe, ukivuka mahali pa ufa, na ndani yake hulazwa kijiti. Kijiti cha mwanzi kama kile cha mishikaki chafaa, maana mwanzi ni mwepesi na mgumu. Yapendeza kiwe kirefu, kipite ufa kwa kiasi cha kiganja kizima kila upande. Kijiti kifupi huhamisha tatizo tu: bawa halivunjiki tena pale pale, bali huvunjika kijiti kinapokoma. Mwisho, upande wa chini wa bawa, ambao huvutwa, hubandikwa utepe wenye nyuzi ndani yake. Utepe huzuia kuvutwa, lakini hauwezi kuzuia kubanwa; kwa hiyo ukiwekwa juu tu, kazi yake ni ndogo.

Gundi ikikauka, mahali pa ufa husuguliwa kwa msasa laini mpaka hewa ipite bila kukwama.

Mizani

Hapa ndipo mafundi wengi wenye mikono mizuri hukosea. Hutia gundi nyingi ili glaida iwe na nguvu, nao hujifurahisha kwa kuiona imara. Lakini gundi nyingi ni uzito, na uzito una gharama yake.

Tuchukue mfano wa glaida ya gramu 500. Fundi akiongeza gundi, vijiti na utepe vya gramu 105, uzito umezidi kwa sehemu 21 katika 100. Glaida hiyo sasa haina budi kwenda mbio zaidi kwa sehemu 10 katika 100 ili hewa iweze kuichukua. Nayo ikianguka, kwa kuwa ni nzito zaidi tena ina mbio zaidi, pigo lake huzidi kwa karibu nusu. Yaani fundi aliyetaka glaida isivunjike tena ameifanya ivunjike kwa nguvu zaidi.

Mkia ni jambo la hatari kupita bawa. Glaida hukaa angani kama mizani ya dukani: iko nukta moja ambapo uzito wa mbele na uzito wa nyuma hulingana. Kwa glaida ya kawaida nukta hiyo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ikipimwa kutoka ukingo wa mbele. Bawa likiwa na upana wa sentimita 20, nukta iko kati ya sentimita 5 na sentimita 6 na nusu hivi nyuma ya ukingo huo.

Sasa fundi aunga mkia kwa gundi ya gramu 10. Mkia uko sentimita 60 nyuma ya nukta ya mizani. Zidisha 10 kwa 60: jawabu ni 600. Ili kurudisha mizani sharti atie uzito puani. Pua iko sentimita 20 mbele ya nukta. Gawanya 600 kwa 20: jawabu ni 30. Basi gramu 10 za mkiani zimedai gramu 30 za puani, na glaida imeongezeka gramu 40 nzima. Kwa sababu hiyo mkia huungwa kwa gundi kidogo iwezekanavyo, na fundi aliye hodari hujulikana kwa mkia wake.

Ni nini hasara ya kuacha mkia uwe mzito? Glaida iliyo nzito nyuma huinua pua. Pua ikiinuka mno, mwendo hupungua, hewa huacha kushika mabawa vema, na glaida huanguka ghafula. Iliyo nzito kidogo mbele hushuka upesi, lakini huongozeka. Mwenye shaka na aegemee mbele.

Majaribio ya chini

Kazi ikiisha, glaida haiendi angani mara moja. Hupita majaribio matano hapa chini.

Jaribio la kwanza ni la macho. Mtu husimama nyuma ya glaida hatua chache, akayatazama mabawa. Ncha moja isiwe imejikunja kuliko nyingine, wala mkia usiwe umelala upande. Bawa lililojikunja hugeuza glaida lenyewe, hata mwongozaji akikataa.

Jaribio la pili ni la vidole. Glaida huwekwa juu ya ncha za vidole viwili, kila kidole chini ya bawa moja penye nukta ya mizani. Ikilala sawa, pua imeinama kidogo tu, ni njema.

Jaribio la tatu ni la nguvu. Watu wawili huinua glaida taratibu kwa ncha za mabawa. Hapo katikati ya bawa hupata mzigo kama mara mbili ya ule wa kuruka kwa utulivu. Ufa ukifunguka au sauti ya kukatika ikisikika, ni heri imesikika hapa.

Jaribio la nne ni la redio. Mtu mmoja huishika glaida, na mwenziwe huenda mbali naye. Kila amri hutolewa moja moja: kulia, kushoto, juu, chini. Aliye na glaida huita kwa sauti anachokiona. Jambo hili si mchezo, kwa maana mota ikibadilishwa yaweza kufungwa kinyume, na amri ya kulia ikageuza usukani kushoto. Glaida ya namna hiyo haitadumu angani dakika moja.

Jaribio la tano ni la kurusha kwa mkono, chini chini, juu ya majani marefu, wakati hewa imetulia. Katika Chalinze na Bagamoyo wakati mzuri ni asubuhi mapema, kabla jua halijapata nguvu na kabla upepo haujaamka, uwe wa kusi au wa kaskazi. Glaida huelekezwa penye upepo na kusukumwa sawa, si juu. Ikiteleza kwa unyofu na kutua taratibu, kazi imefaulu. Ikiinua pua, uzito huongezwa mbele. Ikigeuka upande, bawa hutazamwa tena.

Mahali pa kurushia

Uwanja nao huchaguliwa. Chalinze si mahali pa kurusha popote. Malori hupita barabarani mchana na usiku. Tena njia ya umeme wa volti 400,000 itokayo Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji hufika Chalinze kwenye kituo kikubwa cha kupozea umeme. Glaida ikinasa katika waya huachwa huko huko, na wenye umeme huarifiwa. Hapana glaida yenye thamani ya mtu mmoja. Vilevile hairushwi karibu na kiwanja cha ndege, wala katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani pasipo ruhusa, wala juu ya watu. Na kwa kuwa ndege zisizo na rubani zina sheria yake katika Tanzania, mwalimu au mzazi yafaa aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kazi kubwa ya chombo kidogo

Pengine mtu atauliza, faida ya kazi hii yote ni nini, ikiwa glaida ni ya kuchezea tu? Jawabu liko ng'ambo ya bahari, karibu na Bagamoyo. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kutoka angani ili kupata ramani mpya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Ndege walizotumia, ziitwazo eBee, zilitoka Uswisi. Zina panga ndogo nyuma, lakini mwili wake ni wa povu, mabawa yake hayafiki mita moja kutoka ncha hata ncha, na uzito wake haufiki kilo moja. Hurushwa kwa mkono, na zikirudi hutua kwa tumbo, bila magurudumu.

Chombo kitualo kwa tumbo hupata pigo dogo kila siku ya kazi. Siku moja ni jiwe, siku ya pili ni kisiki. Na mahali kilipofanyiwa ni mbali, wala ramani haingoji. Hapo chombo cha thamani hukaa kabatini kwa ajili ya ufa wa kidole kimoja, au hurudi kazini asubuhi ya pili, na tofauti ya mambo hayo mawili ni mtu ajuaye kuunga povu, kupima mizani na kujaribu kabla ya kuamini. Mtu huyo hawi fundi siku ile aliyopewa chombo cha thamani. Huwa fundi kwa kuunga bawa la glaida ndogo, tena na tena, mpaka mkono wake ujue gundi kidogo ni kiasi gani.

Maswali

1. Kwa nini mwewe aweza kupanda juu pasipo kupiga mabawa?
2. Ni kazi gani ifanywayo kwanza glaida ikianguka, na kwa sababu gani?
3. Ndege ya akina Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa imepatwa na nini siku tatu kabla?
4. Eleza jinsi ya kujua kama gundi italidhuru povu.
5. Utepe wenye nyuzi hubandikwa upande gani wa bawa? Toa sababu.
6. Fundi ameunga mkia kwa gundi ya gramu 8. Mkia uko sentimita 50 nyuma ya nukta ya mizani, na pua iko sentimita 25 mbele yake. Atie gramu ngapi puani? Uzito wote ulioongezeka ni gramu ngapi?
7. Bawa la glaida lina upana wa sentimita 24. Nukta ya mizani yafaa iwe kati ya sentimita ngapi na ngapi nyuma ya ukingo wa mbele?

Kazi ya mikono

Chukua kipande cha povu jeupe kilichotupwa, kirefu kama mkono. Kivunje katikati, ukiunge kwa gundi ya maseremala peke yake, ukiache hata kesho. Vunja kipande cha pili kama hicho, ukiunge kwa gundi hiyo hiyo pamoja na kijiti cha mwanzi. Weka kila kimoja juu ya matofali mawili, ukitundike katikati kikopo, na utie mchanga kidogo kidogo mpaka kivunjike. Pima mchanga wa kila kimoja, uandike hesabu katika daftari, na uangalie vizuri ni mahali gani kila kimoja kilipovunjika.